Ugavana wa 2027: Jirani naye ana swali la kuuliza

Wakenya watapiga kura Jumanne ya tarehe 10 Agosti 2027, lakini kinyang'anyiro cha ugavana kimekwisha kuanza. Matangani, kwenye harambee za makanisa, katika redio za lugha za asili na kwenye vibanda vya chai, swali ni moja: nani atasimama? Majina yanatupwa, yanaokotwa, yanatupwa tena. Gazeti hili halioni ubaya wowote katika swali hilo. Tunaona tu kwamba halitoshi. Na kwa kuwa kaunti kadhaa zitakazopata magavana wapya ni milango ambayo majirani wa Kenya huingilia na kutokea, tunadhani majirani nao wana haki ya kuuliza la kwao.

Kwanza tueleze kwa nini joto limepanda mapema. Ibara ya 180 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamruhusu mtu kuwa gavana wa kaunti kwa vipindi viwili tu. Anyang' Nyong'o wa Kisumu na Joseph ole Lenku wa Kajiado waliingia mwaka 2017, wakarudishwa 2022, na sasa wanafunga virago. Issa Timamy wa Lamu, Nathif Jama wa Garissa na Ahmed Abdullahi wa Wajir walishinda 2013, wakaangushwa 2017, wakarudi 2022. Nao hesabu yao ya vipindi viwili inakamilika. Pale ambapo mwenye kiti anaondoka, kila mwenye miguu anajiona mkimbiaji.

Ukiitazama ramani utaona jambo ambalo mijadala ya redioni hailigusi. Kisumu ni mji wa ziwa ambalo Kenya, Uganda na Tanzania wanalichangia, na ndiko yaliko makao makuu ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria. Kajiado ndiko iliko Namanga, njia kuu ya kutoka Arusha kwenda Nairobi. Lamu ina bandari ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, sehemu ya mradi wa LAPSSET unaozihusu pia Ethiopia na Sudan Kusini. Garissa na Wajir zinapakana na Somalia, mwanachama mpya kabisa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2024. Hizi ni kaunti ambazo mlango wao mmoja unafunguka nyumbani na mwingine kwa jirani.

Tuje kwenye majina. Huko Kisumu yanayosikika sana ni ya Naibu Gavana Mathews Owili, Seneta Tom Ojienda, na Ruth Odinga, Mwakilishi wa Kike wa kaunti hiyo ambaye pia aliwahi kuwa naibu gavana. Kifo cha Raila Odinga, Oktoba 2025, kimelifanya jambo hili kuwa gumu zaidi kubashiri. Kwa miaka mingi tiketi ya ODM katika ukanda wa ziwa ilikuwa nusu ya ushindi, na neno la Raila lilikuwa na uzito mkubwa katika kuamua nani aipate. Sasa hakuna mwenye neno la aina hiyo.

Kajiado, wachambuzi wanarudia hesabu za 2022, pale Lenku alipowabwaga Katoo ole Metito wa UDA na David Nkedianye, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo. Wengine wanazihesabu koo za Wamaasai, wengine wanazihesabu kura za wahamiaji wa Ngong, Kitengela na Ongata Rongai. Nairobi, ambako Johnson Sakaja yumo katika kipindi chake cha kwanza, mbunge Babu Owino ametangaza waziwazi kwamba anakitaka kiti hicho.

Lakini mwenye kumbukumbu ya 2022 atazipokea orodha hizi kwa tahadhari. Mwaka ule, huko Nairobi, mbunge wa Westlands Tim Wanyonyi alikuwa amekwisha kufanya kampeni za kutosha chini ya ODM, kisha muungano wa Azimio ukamtaka ampishe Polycarp Igathe wa Jubilee. Upande wa pili, Askofu Margaret Wanjiru alimpisha Sakaja. Mpiga kura aliyekuwa ameshachagua kati ya Wanyonyi na Wanjiru alifika kituoni akakuta karatasi haina hata mmoja wao. Mombasa nako, miezi ilipotea watu wakibishana juu ya Mike Sonko, ambaye Bunge la Seneti lilikwisha kumng'oa ugavana wa Nairobi Desemba 2020. Wiper ilimpa tiketi, tume ya uchaguzi ikamkataa, na Julai 2022 Mahakama ya Juu ikafunga mjadala: hakuwa na sifa ya kugombea. Muda wote huo wa kumjadili Sonko ungeweza kutumika kuuliza habari za maji, soko na barabara za Mombasa.

Hiyo ndiyo hasara ya ubashiri wa majina peke yake. Unamfanya mwananchi awe mtazamaji wa mpira, ahesabu nani anaingia na nani anatoka, ilhali yeye ndiye mwenye uwanja. Na unampa mgombea nafasi ya kufika siku ya kura bila kuulizwa chochote cha maana. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgombea anayesifiwa mwaka mzima kwa ukoo wake au kwa ufasaha wake jukwaani, hana sababu ya kujifunza kazi anayoiomba.

Kazi yenyewe ni ipi? Katiba imezipa kaunti afya, kilimo na mifugo, masoko na leseni za biashara, barabara za kaunti, hata vivuko na bandari ndogo, ingawa usimamizi wa usafiri wa kimataifa wa majini umebaki serikali kuu. Kaunti zote 47 kwa pamoja zinatengewa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Zaidi ya hapo zinajitafutia zenyewe, na hapo ndipo jirani anapoguswa mfukoni.

Chukua mfano wa lori la vitunguu linalotoka Arusha kwenda Marikiti, Nairobi. Namanga linapita katika Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kile kilichozinduliwa Desemba 2018 na Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli. Kwa forodha, safari imerahisishwa. Mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 anaweza hata kutumia Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya, akapata cheti cha asili ya bidhaa pale pale. Lakini akishavuka, anaingia katika himaya ya kaunti: ushuru wa mazao hapa, ada ya maegesho pale, ada ya soko mwisho wa safari. Wafanyabiashara wamelalamika kwa miaka kwamba mzigo mmoja hutozwa mara mbili, mara tatu, kadiri unavyovuka kaunti. Kile ambacho marais walikiondoa mpakani kinarudishwa njiani na karani wa kaunti mwenye kitabu cha risiti.

Na hili si suala la huruma. Ibara ya 209 ya Katiba hiyo hiyo inasema kaunti isitumie mamlaka yake ya kutoza kodi kwa namna inayoathiri shughuli za kiuchumi kuvuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa, huduma, mitaji na nguvu kazi ndani ya nchi. Kwa hiyo mgombea wa Kajiado au wa Nairobi akiulizwa, "Ushuru wa mazao utautoza wapi, kiasi gani, na je, risiti ya kaunti nyingine utaiheshimu?" anaulizwa swali la kikatiba, tena swali ambalo jibu lake litaonekana katika bei ya kitunguu kwenye sahani ya mwananchi wa Nairobi.

Swali la pili ni la mifugo na afya. Ng'ombe wa Mmaasai hajui kusoma bango la mpaka. Mwaka 2017 Tanzania ilikamata na kupiga mnada ng'ombe zaidi ya 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya, na mwaka huo huo vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya vikateketezwa Namanga. Uhusiano wa nchi mbili uliingia baridi, lakini aliyelala njaa ni mfugaji na mama mwenye banda la kuku. Uamuzi ule haukuwa wa gavana yeyote. Hata hivyo chanjo ya mifugo, majosho, malambo ya maji ya kuwazuia wafugaji wasivuke wakati wa kiangazi, na maafisa mifugo wanaotoa vyeti, yote hayo yamo mikononi mwa kaunti. Gavana aliyefanya kazi hiyo vizuri anapunguza sababu za ugomvi kabla ugomvi haujafika kwa mawaziri.

Swali la tatu ni la ulimi. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za kutuma na kupokea fedha kwa simu, saluni na ufundi wa simu. Upande wa Kenya sauti zikapanda, wengine wakitaka nao walipize. Mambo kama hayo yatatokea tena, na msimu wa kampeni ndio wakati wake hasa. Ni rahisi mno kwa mgombea wa kaunti ya mpakani kupata makofi kwa kumtukana jirani asiyepiga kura. Ni rahisi vilevile kwa mgombea wa ukanda wa ziwa kuishika Migingo kama bendera ya kampeni. Tunawaomba wapiga kura wampime mgombea hapo: je, anajua wavuvi na wachuuzi wake wangapi wanaishi kwa riziki ya upande wa pili?

Wapo watakaosema jambo hili halituhusu. Kura ni ya Mkenya, gavana ni wa Mkenya, na gazeti la ujirani lisimwelekeze mtu nyumbani kwake. Hoja hiyo ina uzito. Hatumwambii mtu yeyote amchague nani, na hatutafanya hivyo hata Agosti 2027 ikibisha hodi. Lakini asiyekuwapo na lake halipo. Jumuiya hii imejengwa juu ya soko la pamoja, na soko la pamoja haliendeshwi Arusha peke yake. Linaendeshwa pia na yule anayeamua kama soko la Namanga litakuwa na taa, choo na ghala, au kama mama wa Longido atauza nyanya zake chini ya jua akikimbizana na askari wa kaunti.

Tena Kenya ina bahati ambayo wengi katika ukanda huu hawana. Tanzania, mkuu wa mkoa huteuliwa na rais. Kongo, magavana huchaguliwa na mabunge ya mikoa, na Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya magavana wa kijeshi tangu Mei 2021. Sudan Kusini, wananchi walichagua magavana wao mwaka 2010, kabla ya uhuru, na tangu hapo wamezoea kusikia gavana ameteuliwa au ametenguliwa kwa amri ya rais. Kwa hiyo gavana wa Kajiado anapokaa meza moja na mkuu wa mkoa wa Arusha, mmoja ametumwa na wapiga kura na mwingine ametumwa na rais. Si rahisi kuwafanya wazungumze lugha moja. Inahitaji gavana mwenye subira, anayejua mamlaka yake yanaishia wapi, na asiyesubiri Nairobi imwambie kila kitu.

Mpiga kura wa Kenya, basi, ameshika kitu ambacho jirani yake anakitamani. Asikitumie kubashiri tu.

Vyama navyo vina wajibu. Kama mchujo utakuwa wa haki na wa mapema, wananchi watapata muda wa kuwahoji watu watakaokuwa kwenye karatasi. Kama tiketi zitagawanywa hotelini siku za mwisho, kama ilivyotokea Nairobi 2022, basi mazungumzo yote ya sasa ni kelele, na gavana atakayepatikana atamdai shukrani yule aliyempa tiketi kuliko yule aliyempa kura. Tume ya uchaguzi nayo ieleze mapema masharti ya kugombea, ili mtu asiye na sifa asile muda wa umma hadi mlangoni mwa mahakama.

Na sisi wanahabari tusijitoe. Ni kazi nyepesi kupanga picha nne ukurasa wa mbele na kuuliza nani zaidi. Tumeifanya sote kwa sababu inauza. Kazi nzito ni kwenda na kila anayetajwa hadi Namanga, gatini Kisumu au Lamu, kumuuliza ushuru, mifugo, soko na jirani, kisha kuyaandika majibu yake kama alivyoyasema ili 2030 aweze kukumbushwa.

Wenye majina wapo wengi, na wataongezeka. Wenye majibu bado hatujawasikia. Mkutano ujao wa hadhara, mwananchi wa Kisumu au Kajiado akipewa kipaza sauti, tunamwomba asiulize nani anamuunga mkono nani. Aulize ushuru wa mazao ni shilingi ngapi, na soko la mpakani litafunguliwa lini.