Kupotea Japani si aibu, kunyamaza ndiyo hasara

Kila mwenzetu anayerudi kutoka Japani ana kisa chake. Mmoja alipanda treni ya haraka, ikapita kwenye stesheni yake bila kusimama. Mwingine alifika Tokyo saa saba usiku akakuta treni zimekwisha, ikambidi asubiri mpaka alfajiri. Tunacheka, tunapeana pole, na mambo huishia hapo. Sisi tunaona yasiishie hapo, kwa sababu watu wetu wanaokwenda huko peke yao ni wengi: wafanyabiashara wanaofuata magari yaliyotumika, wanafunzi, na wale walioko Ughaibuni wanaokwenda kutembea tu.

Tuanze na letu. Tulikuwa Osaka, tukielekea uwanja wa ndege wa Kansai. Treni tuliyopanda ilikuwa ndiyo. Tusichokijua ni kwamba treni ile hukatwa vipande viwili katika stesheni ya Hineno: nusu ya mabehewa huenda uwanjani, na nusu nyingine huendelea hadi Wakayama. Maandishi yalikuwepo, tena hata kwa Kiingereza, na matangazo yalitolewa. Sisi tulikuwa tunasinzia. Tulipozinduka tukaona milima badala ya bahari. Tukaona haya kuuliza, tukakaa vituo vitatu zaidi tukijifanya tunajua tuendako. Ndege ikatuacha. Hadi leo tunaamini kuwa kilichotukosesha ndege ni vile vituo vitatu vya kunyamaza, si lile kosa la kwanza.

Tunasema hivyo kwa sababu wenzetu Wajapani wamejipanga kumsaidia aliyekosea. Tiketi yako ikiwa haitoshi kwa safari uliyokwenda, karibu na mlango wa kutokea kuna mashine ya kulipia kilichopungua. Unalipa, unatoka, hakuna anayekugombeza. Ukipotea mtaani, kuna vituo vidogo vya polisi viitwavyo koban, na kumwelekeza mgeni njia ni sehemu ya kazi yao. Ukisahau begi kwenye treni, toa taarifa mapema na uwezekano wa kulipata ni mkubwa. Stesheni ya Shinjuku pekee ina milango zaidi ya 200, hata wenyeji hupotea humo. Sasa mgeni aone aibu ya nini?

Neno moja linatosha kuanzia: sumimasen, yaani samahani. Kisha onyesha karatasi yenye jina la unakokwenda kwa maandishi ya Kijapani. Wako watakaosema simu imemaliza yote hayo. Ni kweli inasaidia sana, lakini betri huisha, na anwani ya hoteli iliyomo ndani ya simu iliyozimika haimfai mtu.

Lakini tusidanganyane. Yako makosa ambayo samahani haiyafuti, na hayo ndiyo yanayotutia hofu zaidi.

La kwanza ni dawa. Dawa za mafua zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10, ambazo katika nchi nyingine huuzwa dukani bila taabu, haziruhusiwi kuingizwa Japani. Dawa zenye amfetamini, ambazo Marekani madaktari huwaandikia wagonjwa wao, zimepigwa marufuku kabisa, hata uwe na cheti cha daktari. Na katika nchi ile mtu aliyekamatwa anaweza kuwekwa ndani hadi siku 23 kabla ya kufunguliwa mashtaka. Mtu aliye peke yake, asiyejua lugha, siku hizo ni ndefu mno.

La pili ni pasipoti. Sheria inamtaka mgeni aliye matembezini atembee nayo wakati wote, na anayekutwa hana anaweza kutozwa faini hadi yeni 100,000. Wengi wetu tumezoea kuificha hotelini tukidhani ndiyo busara. Japani busara ni kinyume chake.

La tatu ni leseni. Anayetaka kuendesha gari kwa kibali cha kimataifa ajue kuwa Japani inakubali kile cha Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 tu. Cha mkataba mwingine hakikubaliwi, na kuendesha nacho ni sawa na kuendesha bila leseni.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Msafiri atenganishe makosa ya aina mbili. Yale ya sheria ayamalize nyumbani kabla ya kufunga begi: aulize ubalozi wa Japani, asome kilichoandikwa kwenye dawa zake, akague kibali chake. Yale ya njiani asiyaogope, ila asiyafiche. Aliyepanda treni siyo ashuke kituo kinachofuata aulize, hata kama atauliza kwa ishara za mikono.

Nasi tulioko nje tuna wajibu. Visa hivi tunavyosimuliana barazani kwa kucheka tuwape pia wale ambao bado hawajasafiri, pamoja na sehemu ile tunayoiruka kwa kuona haya. Wazee walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Hawakusema mtu akipotea anyamaze.