Wastaafu Wasingoje Kukutana Makaburini

Ni desturi ya kazi nyingi katika nchi yetu ya kuwa akifa mzee aliyestaafu, kazi aliyoitumikia hutoa gari la msiba. Basi huegeshwa karibu na nyumba ya marehemu, wafanyakazi hupanda, na wazee wenziwe wa zamani hupanda pamoja nao. Huko makaburini watu walioshika mashine moja kwa miaka ishirini hupeana mikono, huulizana habari za watoto, huhesabiana waliotangulia, kisha hutawanyika mpaka msiba mwingine. Desturi hii ni njema, wala hatusemi iachwe. Lakini twauliza: kama basi lipo la kuwapeleka watu kumzika mzee, kwa nini basi hilohilo lisimpeleke mzee mwenyewe Bagamoyo angali hai?

Swali hili twawauliza mameneja, tena twawauliza wafanyakazi wenyewe na viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi. Maana wapo watakaosema ya kuwa kuwatembeza wastaafu ni anasa, na ya kuwa nchi ina mambo mazito kuliko pikiniki za wazee. Sisi hatukubali. Jambo la mtu aliyetoa nguvu zake zote kazini, kisha akaachwa barazani kama chombo kilichochakaa, ni jambo zito.

Kwa sheria zetu mfanyakazi aweza kustaafu kwa hiari akitimiza miaka 55, na kwa lazima akitimiza miaka 60, ukiacha kada chache zilizoruhusiwa kuendelea. Mtu wa miaka 60 si mkongwe. Wengi wao wangali na macho, miguu, akili na hamu ya maneno. Jana alikuwa akiamka saa kumi na moja ya alfajiri kuliwahi gari la kazini, akijua nani atakaa naye, nani atamtania, nani atamkopa fedha ya chai. Leo haamshwi na mtu. Siku ya kuagwa alipewa cheti, akapewa pengine mabati au friji, na mara nyingine saa ya ukutani. Sisi hatujaelewa bado shabaha ya kumpa saa mtu ambaye ndiyo kwanza amefunguliwa katika utumwa wa saa, lakini hayo tuyaache.

Baada ya hapo barua zinazomfikia ni chache. Mfuko wa pensheni humtaka ajihakiki, athibitishe kwamba yu hai. Ni sawa, hesabu za umma lazima zilindwe. Lakini twaona ni aibu ikiwa mahali pa pekee panapouliza kama mzee yu hai ni dirisha la malipo.

Upweke si huzuni tu ya moyoni. Shirika la Afya Duniani liliunda tume ya kulichunguza jambo hili mwaka 2023, na taarifa iliyotolewa mwaka 2025 ilikadiria ya kuwa mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke, na ya kuwa vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka vina uhusiano nao. Waafrika tumezoea kujidanganya tukisema upweke ni ugonjwa wa Ulaya, kwani sisi tuna ukoo. Ukoo tunao, kweli. Lakini watoto wa mfanyakazi wa mjini wametawanyika: mmoja yuko Mwanza, mwingine Mbeya, wa tatu anatoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku kwa sababu ya foleni ya magari. Mzee hubaki na redio. Jirani zake ni watu wema, lakini hawajui maana ya zamu ya usiku, hawamkumbuki msimamizi yule mkali, wala hawacheki anapokumbuka siku mashine ilipoharibika wageni wakiwa mlangoni. Mtu huhitaji wale waliofanya kazi pamoja naye.

Wala si kweli kwamba jambo hili ni geni kwetu. Wafanyakazi wa nchi hii hawakuishi kwa mshahara tu. Walikuwa na michezo yao: nani hakusikia habari za Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, au Pamba ya Mwanza? Walikuwa na muziki wao: chama cha NUTA kilipoanzishwa mwaka 1964 kilikuwa na bendi yake, NUTA Jazz, iliyokuja kuitwa JUWATA, kisha OTTU, na mwishowe Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichofunguliwa mwaka 1968, nacho kilikuwa na Urafiki Jazz. Waliochezea timu hizo na waliocheza dansi kwa bendi hizo ndio wastaafu tunaowasema leo. Waliojengewa furaha ya pamoja walipokuwa na nguvu, wakipungukiwa nguvu twawaambia kila mtu akae kwake!

Tutoe mfano mmoja ili tueleweke. Tarehe 14 Juni, 2024, treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kutoka Dar es Salaam mpaka Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Njia ya zamani ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Katika nchi hii wako wazee walioendesha magari moshi katika njia hiyo ya zamani, walioshika bendera na taa stesheni, waliofunga mataruma usiku wa mvua reli ilipozolewa na maji. Wangapi kati yao wamekwisha kupanda treni mpya? Twafikiri yafaa wapandishwe, tena wapandishwe pamoja, wakae behewa moja. Waondoke asubuhi, wafike Morogoro kabla jua halijawa kali, waitazame milima ya Uluguru, wale chakula chini ya mti, warudi jioni. Na pamoja nao waende vijana wawili watatu wanaoifanya kazi hiyo leo. Hatuna shaka ya kuwa vijana hao watarudi na elimu ambayo haimo katika vitabu vya mafunzo, nao wazee watarudi na la kusimulia kwa mwezi mzima.

Wa kiwanda cha nguo waweza kwenda Kijiji cha Makumbusho. Wa bandari waweza kuitazama Bagamoyo, bandari iliyokuwa kubwa kabla ya Dar es Salaam, na magofu ya Kaole yaliyo kusini yake. Walio Mwanza wanacho kisiwa cha Saanane, walio Tanga wanayo mapango ya Amboni, walio Morogoro wanayo mbuga ya Mikumi, ambako barabara kuu yenyewe inapita katikati ya wanyama. Tena si lazima iwe safari. Shindano la bao baina ya wastaafu wa viwanda viwili, siku moja kwa mwezi katika bwalo la kiwanda, halina gharama kubwa kuliko chai na maandazi.

Tunajua jibu la baadhi ya wakubwa: wastaafu hawamo tena katika daftari letu, na fedha ya kampuni ni ya uzalishaji. Hebu na watazame nchi ambazo wao wenyewe hupenda kuzitaja katika hotuba zao. Huko Uingereza, Sheria ya Madini ya mwaka 1920 iliwalazimisha wenye migodi ya makaa ya mawe kutoa peni moja kwa kila tani iliyochimbwa, iwekwe katika mfuko wa ustawi wa wachimbaji. Kwa peni hizo zilijengwa kumbi, viwanja vya michezo na nyumba za kupumzikia wagonjwa. Ufaransa, kamati za wafanyakazi kazini zilipewa tangu mwaka 1945 madaraka ya kusimamia shughuli za jamii na utamaduni, na kanuni za huko zinataja waziwazi ya kuwa shughuli hizo zaweza kuwa za wafanyakazi wa zamani pia. Hao ni mabepari, bwana! Lakini walilazimishwa na nguvu ya wafanyakazi waliojiunga pamoja, si na huruma ya matajiri.

Nasi tupige hesabu yetu. Chukua kiwanda chenye wafanyakazi 400. Kila mmoja akitoa shilingi 500 kwa mwezi, zitapatikana shilingi 200,000, nazo kwa mwaka ni 2,400,000. Mwenye kiwanda akiombwa atoe kiasi hichohicho, mfuko utakuwa na 4,800,000. Treni ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida mpaka Morogoro ilitangazwa kuwa shilingi 13,000. Kwa nauli hiyo, kwenda na kurudi kwa wazee 40 ni shilingi 1,040,000. Hata nauli ikipanda, na hata chakula kikihesabiwa, zitabaki za safari ya pili, na za kuwatazama walio wagonjwa majumbani. Nani atatuambia ya kuwa haiwezekani?

Kwa hiyo twayataka matawi ya vyama vya wafanyakazi yaliweke jambo hili katika mkataba wa hali bora kila yanapokaa mezani na mwajiri. Liandikwe, lisiachwe kuwa hisani ya meneja mmoja mwenye moyo mzuri, maana meneja huyo akihamishwa na safari hufa. Anayejadiliana leo akiwa na miaka 40 ajue anajadili mambo yake mwenyewe.

Hapa tuna maonyo machache, maana tumekwisha kuona mambo mema yakiharibiwa na uongozi mbovu.

Safari za wastaafu zisiwe za maofisa peke yao. Dereva, mpishi, mlinzi, mfagizi na mpakia mizigo walistaafu kama alivyostaafu mhasibu mkuu. Tena wapo vibarua waliofanya kazi miaka mingi bila kuandikishwa kamwe. Daftari haliwajui, lakini wenzao wanawajua, na orodha na iandikwe na hao wenzao.

Wanawake tunawataja mbalimbali kwa makusudi. Mzee mwanamume akistaafu ana kijiwe: ana bao, ana drafti, ana kahawa. Mama aliyefanya kazi kiwandani au hospitalini miaka thelathini akistaafu hurudishwa jikoni, apewe wajukuu wa kulea, na watu husema amepumzika. Hakupumzika, amebadilishiwa zamu. Siku moja ya kutoka, akavaa kanga yake nzuri na kukaa na wenziwe pasipo mtoto wa kumlilia, ni haki yake kuliko mtu mwingine awaye yote. Na mumewe au wanawe wasiulizwe kama waombwa ruhusa. Waarifiwe tu saa ya kurudi.

Uangalifu wa afya usipuuzwe. Wengi wa umri huo wana shinikizo la damu au kisukari. Aje mwuguzi mmoja, ikiwezekana mstaafu mwenzao. Kila mtu abebe dawa zake, chakula kisicheleweshwe kwa ajili ya hotuba, basi lisimame mara kwa mara penye choo, na mahali pa kwenda pasiwe na ngazi nyingi. Tumeona shughuli ambazo wazee waliketishwa juani saa mbili wakimngoja mgeni rasmi. Safari ya wastaafu haihitaji mgeni rasmi. Wala haihitaji fulana zenye jina la kampuni wala mpiga picha wa matangazo. Na fedha zishikwe na wastaafu wenyewe, kwa kitabu kinachosomwa mbele ya wote. Watu walioendesha viwanda hawashindwi kuendesha safari ya siku moja.

Lakini onyo kubwa ni hili. Pasiwe na mwajiri atakayewaandalia wazee pilau huku michango yao ya hifadhi ya jamii hakuipeleka mfukoni. Pilau hailipi deni. Malipo ya kustaafu yamejadiliwa sana nchini. Kikotoo kilibadilishwa mwaka 2022, kikarekebishwa tena mwaka 2024 baada ya malalamiko ya wafanyakazi. Mjadala huo na uendelee kwa nguvu zote, na tawi lolote lisikubali kuambiwa lichague baina ya pensheni na matembezi.

Liko pia kundi ambalo halina mwajiri wa kudaiwa. Viwanda na mashirika mengi ya umma yaliuzwa au kufungwa, hasa katika miaka ya 1990, na wazee wake hawana tena geti la kugonga. Hawa twaona ni mzigo wa halmashauri za wilaya na wa vyama vya wafanyakazi vyenyewe. Kwa kuanzia, kila wilaya ifungue ukumbi mmoja siku moja kwa juma, itangaze katika redio majina ya viwanda vilivyokufa, na kuwaita waliovitumikia. Ukumbi upo. Mara nyingi hushinda umefungwa kwa kufuli, ukingoja arusi ya Jumamosi.

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, iliyoadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1991. Kila mwaka husomwa risala siku hiyo. Safari hii twapendekeza risala ziwe fupi na mabasi yawe tayari. Matawi yatakayowatoa wastaafu wao yatuletee habari: walikwenda wapi, walikuwa wangapi, nani alilipa, na kwa kiasi gani. Tutazichapa. Na matawi yatakayokataliwa gari yatuandikie vilevile, pamoja na sababu waliyopewa.