Nani Anadai kwa Niaba ya Mubambiro?



Kila mara mabaraza ya wenyeji yanapotajwa, hujibiwa hivi: kwanza amani, halafu tutachagua. Maneno hayo husemwa kwa sauti ya hekima, na wengi wetu tumeyapokea bila kuyapima. Sisi tunayapinga.

Sheria iko wazi. Ile ya tarehe 7 Oktoba 2008, iliyofuata Katiba ya 2006, inasema kwamba kila komini, kila sekta na kila usultani una baraza lake, lenye kazi ya kujadili na kupitisha bajeti na mpango wa maendeleo. Inaongeza kwamba asilimia 40 ya fungu la mkoa litokalo katika mapato ya taifa ni haki ya ngazi hizo za chini. Usultani wa Bahunde, ambamo mna grupema ya Kamuronza na kijiji chetu cha Mubambiro, haujapata kuchagua baraza hilo hata mara moja. Washauri wa komini walipochaguliwa kwa mara ya kwanza, tarehe 20 Desemba 2023, kura hiyo iliishia katika miji mikuu ya mikoa. Masisi na Rutshuru hazikupiga kura yoyote siku ile, hata ya rais.

Watasema: si ndiyo hayo, vita vilizuia? Vilizuia mwaka 2023. Lakini mwaka 2011 na mwaka 2018 masanduku ya kura yalifika Masisi. Amani ilitosha kuwachagua watakaokwenda Kinshasa. Haikutosha kuwachagua watakaobaki nasi. Kisha, tangu tarehe 6 Mei 2021, utawala wa dharura ukaweka askari na polisi mahali pa viongozi wa kiraia, na tangu Januari 2025 walioshika silaha wameweka watawala wao. Katika mapokezano hayo yote, hakuna aliyekuja kumwuliza mwananchi wa Mubambiro anamtaka nani amsemee.

Pengo hilo limejazwa na fomu. Tunajua mkutano wa namna hiyo unavyokwenda, kwa maana tumekaa katika mingi. Gari linafika, wageni wanasalimu kwa adabu, rais wa kamati ya kambi anaketi mbele, na swali linaulizwa: mahitaji yenu matatu ya kwanza ni yapi? Maji, chakula, turubai. Inaandikwa. Hatuwadharau wanaoleta msaada. Wakati wa kipindupindu, maji yale yaliwaokoa watu, na tunashukuru. Lakini fomu ina mistari yake, na yasiyo na mstari hayaandikwi. Vikosi vya Umoja wa Mataifa vilipiga kambi Mubambiro, na baadaye vya SADC, huku maelfu ya wakimbizi wa ndani wakiishi jirani nao. Mama aliyelala hapo na watoto alikuwa na ombi moja kabla ya turubai: ondoeni mizinga karibu na mahema yetu. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia kambi za wakimbizi upande wa Mugunga, yakaua watoto pamoja na wakubwa. Ombi la mama yule lilikuwa la kisiasa. Lilihitaji mtu mwenye haki kisheria ya kusimama mbele ya kamanda na mbele ya gavana na kusema, nimetumwa na hawa. Kamati ya kambi haina haki hiyo, nayo huvunjika kambi inapovunjwa, kama ilivyotokea mwanzoni mwa 2025.

Tutazame na Walikale, wasije wakadhani shida hii ni ya wenye kukimbia tu. Kanuni ya madini ya 2018 inaagiza kwamba asilimia 15 ya mrabaha wa madini iende kwa sekta au usultani ambamo mgodi umo. Bati la Bisie limekuwa likichimbwa kwa mitambo tangu 2019. Sheria imetenga fedha. Baraza la kuuliza zimetumikaje halijachaguliwa. Chefu wa sekta, ambaye sheria inataka achaguliwe na washauri, huteuliwa kutoka juu, na aliyeteuliwa kutoka juu hutazama juu. Hatumlaumu mtu binafsi. Mpangilio wenyewe unamfanya hivyo.

Na sisi walei? Tarehe 31 Desemba 2017, na tena Januari na Februari 2018, waamini waliandamana kwa wito wa kamati ya walei, na baadhi yao waliuawa. Waliandamana kwa ajili ya uchaguzi wa rais, na walifanya vema. Je, ni lini tuliandamana, au hata kuandika barua, kwa ajili ya baraza la usultani? Papa Pius XI alifundisha mwaka 1931, katika Quadragesimo Anno, kwamba ni kosa kuchukua kazi inayowezwa na jumuiya ndogo na kuikabidhi kwa iliyo kubwa. Tunalihubiri fundisho hilo katika semina, kisha tunasubiri gari lenye fomu.

Kwa hiyo tunadai uchaguzi wa mabaraza uwekwe katika mazungumzo yoyote ya amani, wala usisukumwe nyuma yake. Hadi hapo, kila shirika la msingi liwe na daftari: hitaji gani, limesemwa na nani, wanawake wateka maji wakiwa wa kwanza kusikilizwa, limepelekwa kwa nani, tarehe gani, nani alipokea.

Wengine wanatuambia kwamba kumpelekea barua anayetawala leo kwa bunduki ni kumtambua. Hofu hiyo tunaielewa, na hatumwiti mtu yeyote mtawala halali kwa sababu tu ameketi ofisini. Lakini anayesimamisha watu kizuizini na kupokea ushuru wao ameshachukua fedha za maji. Barua ya kuuliza maji yako wapi haimpi cheo. Wanaoikataa barua hiyo watuonyeshe mwanamke wa Mubambiro aipeleke wapi.