Kuuliza Si Kukosa Shukrani

Nilipomwambia mama kuwa mimi ni mjamzito, kuhusu kazi alisema jambo moja tu: “Usiwachoshe watu kwa maswali, mwanangu. Shukuru umeajiriwa.” Yeye mwenyewe alirudi kusafisha maofisi nikiwa na miezi miwili. Hakuna aliyemwambia haki zake, naye hakuuliza.

Mimi naona tumeshukuru vya kutosha. Hapa Uingereza mwajiriwa ana likizo ya uzazi ya wiki 52. Malipo ya kisheria, ukitimiza masharti, ni ya wiki 39: 6 za kwanza asilimia 90 ya mshahara wako, 33 zinazofuata kiwango cha serikali, ambacho kwa wengi wetu hata kodi ya nyumba hakimalizi. Wiki 13 za mwisho, patupu.

Kazini kwangu wanaongezea. Nilipoomba sera yao kwa maandishi nikakuta sharti: usiporudi kazini angalau miezi mitatu, unarudisha ile nyongeza. Ya kisheria hairudishwi. Ningejuaje bila kuuliza?

Basi dada zangu, iombeni hiyo karatasi mapema, mpige hesabu kabla tumbo halijawa kubwa.

Juzi nilimsomea mama zile wiki zote. Akanyamaza, kisha akasema, “Kumbe.”