Upepo wa Chanika Haupimwi Uwanja wa Ndege

Watu wengi huliona vumbi la barabara kuwa ni kero ya nguo zilizoanikwa na vyombo vilivyopanguswa. Mtazamo huo ni finyu. Chembe za vumbi hufuata kanuni za upepo, na mahali zinapotua, saa zinapotua na mapafu zinamoingia ni mambo yawezayo kujulikana kabla madhara hayajatokea. Kwa sababu hiyo yafaa vitongoji vya pembezoni mwa Dar es Salaam, Chanika kikiwa mojawapo, vipimiwe upepo wake vyenyewe.

Wakazi wa pwani wanazifahamu vyema pepo mbili kuu: Kaskazi, ivumayo tangu Desemba hadi Machi, na Kusi, ambayo hushika nguvu katika kiangazi cha Juni hadi Septemba. Ndani ya misimu hiyo zimo pepo ndogo za kila siku. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kuchukua nafasi. Usiku nchi hupoa, na umande huvuma kuelekea baharini. Penye vilima huongezeka jambo la tatu. Hewa iliyopoa juu ya mteremko huwa nzito, hutiririka bondeni mithili ya maji, na huweza kutuama humo mpaka jua lipande. Hewa yenye joto zaidi hukaa juu yake kama kifuniko cha chungu, na moshi na vumbi vilivyo chini hukosa njia ya kutokea.

Chanika, katika Wilaya ya Ilala, iko penye vijito vielekeavyo mto Mzinga, karibu na vilima vya Pugu na Kisarawe vinavyofikia takriban mita 300. Si mbali na hapo lipo dampo la Pugu Kinyamwezi, na mitaa yake mingi ina barabara za udongo zipitwazo na malori na bodaboda. Kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege wa Julius Nyerere kiko umbali wa kilomita zipatazo 20, kwenye uwanda. Takwimu zake huwafaa marubani, lakini haziwezi kueleza mwenendo wa hewa katika bonde la Chanika saa kumi na moja alfajiri.

Tofauti hiyo si ndogo. Chembe ya udongo yenye upana wa maikromita 10, yaani kama sehemu moja ya saba ya upana wa unywele, ikirushwa na gurudumu kimo cha mita 2, hutua kwa dakika 4 hivi hewa ikiwa imetulia. Chembe ya maikromita 2.5 huhitaji zaidi ya saa nzima. Kwa upepo wa mita 1 kwa sekunde, ya kwanza husafiri mita 240 hivi, ya pili kilomita 4. Hizo ndogo ndizo zipenyazo hadi vifuko vya hewa vya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wake wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya vumbi ni lami, na kwamba fedha za vipimo ni afadhali zinunue kokoto. Hoja hiyo ina ukweli, ila lami haiwezi kufika kila mtaa kwa siku moja, na hapana budi kuamua ianzie wapi. Barabara iliyo upande wa Kusi wa shule hupeleka vumbi madarasani kiangazi kizima; iliyo upande wa pili haifanyi hivyo. Takataka zichomwazo jioni huweza kuacha moshi ukilala bondeni pamoja na watoto. Lami haiuondoi moshi huo.

Kinachohitajika si kikubwa: vituo vitatu, kimoja kilimani, kimoja mteremkoni na kimoja bondeni, vyenye vipima upepo, vipimajoto na vipima vumbi, vifanye kazi mwaka mzima ili vipitiwe na Kaskazi, Masika, Kusi na Vuli. Vipima vumbi vya bei nafuu hudanganywa na unyevu wa pwani, hivyo havina budi kuhakikiwa na wataalamu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kutunza daftari za kila siku. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina wajibu wa kuratibu utafiti wa namna hii, na matokeo yake yatumike katika tathmini za athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004.

Chanika inaendelea kujengwa. Shule na zahanati zikishasimama mahali pasipofaa, gharama ya kuzihamisha itapita mbali bei ya vipima upepo vitatu.