Vidonge vya Vitamini na Misuli ya Mzee

Imekuwa desturi kumshauri mtu anayefanya mazoezi anunue vidonge vya vitamini C na E, kwa hoja kwamba hata kama havitamfaa, havitamdhuru. Hoja hiyo ni ya kibiashara zaidi kuliko ya kisayansi, na sehemu yake ya pili ndiyo ninayotaka kuipinga hapa.

Asili yake yaeleweka. Msuli unapofanya kazi hutumia oksijeni kwa wingi, na sehemu ndogo ya oksijeni hiyo hugeuka kuwa molekuli kali ziitwazo radikali huru, ambazo huweza kuharibu mafuta na protini za seli. Mwaka 1982 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba radikali hizo huongezeka katika misuli na maini ya panya waliokimbizwa mpaka wakachoka kabisa. Vitamini C na E zina uwezo wa kuzituliza. Basi watu wakapiga hesabu: ikiwa mazoezi yaleta sumu, na vitamini yaondoa sumu, mfanya mazoezi na ameze vitamini, tena nyingi.

Hesabu hiyo ilisahau kwamba kwa mwili radikali huru ni habari pia. Zinapoongezeka kwa kiasi baada ya kazi nzito, husaidia kuamsha vimeng'enya vinavyopeleka amri ndani ya seli, ili protini mpya zijengwe na kinga ya seli yenyewe iimarishwe. Mnyanyua vyuma hajengi msuli wakati ule wa kunyanyua, bali katika saa na siku zifuatazo, amri hizo zinapotekelezwa. Ameze dozi kubwa ya vitamini, naye huenda akamnyamazisha mjumbe kabla hajafikisha ujumbe.

Jambo hili limepimwa nchini Norway. Taarifa iliyotolewa mwaka 2014 ilihusu watu 32, wake kwa waume, walionyanyua vyuma mara 4 kwa juma kwa muda wa majuma 10. Baadhi yao walipewa kila siku miligramu 1,000 za vitamini C na 235 za vitamini E; wengine walipewa vidonge visivyo na kitu. Misuli ilikua sawasawa pande zote mbili, na yafaa kulisema hilo waziwazi. Lakini amri za ujenzi ndani ya seli zilififia kwa waliomeza vitamini, na nguvu zao za kukunja mkono hazikuongezeka kama za wenzao.

Mwaka 2016 yalitolewa matokeo ya wazee, na hapa ndipo wasiwasi wangu ulipo. Wanaume 34 wenye umri wa kati ya miaka 60 na 81 walifanya mazoezi ya nguvu kwa majuma 12, na dozi zilikuwa zile zile. Uzito wa mwili usio wa mafuta uliongezeka kwa asilimia 3.9 kwa wasiomeza vitamini. Kwa waliomeza, asilimia 1.4 tu. Msuli mmoja wa paja ulinenepa kwa asilimia 16.2 upande wa kwanza, na 10.9 upande wa pili. Nguvu zao, ni kweli, ziliongezeka bila tofauti kubwa. Hata hivyo mzee hana msuli wa kuchezea. Huo ndio umwinuao kitini na kumkinga asianguke. Kumshauri atumie fedha zake za uzeeni kununua kitu kiwezacho kupunguza malipo ya jasho lake ni kumkosea.

Wako watakaosema kwamba majaribio haya ni madogo, nao wasema kweli. Lakini mwenye wajibu wa kuthibitisha ni muuzaji, wala si mzee.

Nisieleweke kwamba napinga vitamini zenyewe. Mwenye upungufu uliothibitishwa na mganga na atibiwe. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima apate miligramu 45 za vitamini C kwa siku. Pera moja kubwa lililoiva laweza kumpa zaidi ya hizo, achilia mbali maembe na mchicha. Dozi ya majaribio ya Norway yazidi kiasi hicho kwa zaidi ya mara 20. Ningependa kuona makopo ya vidonge hivyo yakiandikwa, kwa Kiswahili, kwamba dozi kubwa huweza kupunguza faida ya mazoezi, na walimu wa mazoezi wakimwuliza mzee amekula nini mchana kabla ya kumtajia duka la dawa.