Kabla Ununue Inveta ya Wati 3000, Soma Nyuma ya TV Yako

Wasee, kuna video fulani zimeanza kunichosha. Jamaa anaweka boksi jeusi mezani, anabonyeza swichi, TV inawaka, halafu anakwambia usahau mambo ya stima kupotea. Namba ya kuagiza iko hapo chini. Kitu haambii mtu ni hiki: hiyo TV itakaa imewaka masaa mangapi?

Msimamo wangu ni rahisi. Wengi wetu tunaotafuta njia ya kuona TV stima ikienda tunanunua inveta kubwa na betri ndogo. Ingefaa iwe kinyume. Na mara nyingi hata hiyo inveta yenyewe huihitaji.

Inveta haitengenezi stima, bana. Inachukua volti 12 za betri na kuzipandisha ziwe 240 kama za ukutani. Lakini TV yako haitumii 240 ndani. Ina kifaa cha kuzishusha tena ziwe volti chache. Kwa hivyo unapandisha ndio ushushe, na kila hatua inakula moto. Ni kama kutoka Rongai kwenda Kitengela ukipitia tao. Utafika, lakini umelipa nauli mara mbili.

Tufanye hesabu, haiumi. Betri ya volti 12 yenye 100Ah ina wati-saa 1,200, yaani 12 mara 100. Kama ni ile ya asidi, usiishushe chini ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Unabaki na 600. TV ya inchi 32 inakula kama wati 40, dikoda 10. Jumla 50.

Sasa weka ile inveta ya wati 3000. Inapoteza kama asilimia 10 ikibadilisha, na kubwa kama hizo zinaweza kula wati 20 na zaidi hata kama hujachomeka kitu. Hapo matumizi yanakaribia wati 80. Unapata masaa saba na kitu. Chukua TV ya inchi 24 ya volti 12, iunganishe moja kwa moja na betri, pamoja na dikoda ya volti 12. Zote mbili zinakula kama wati 35. Betri ni ile ile, lakini unapata masaa 17. Sawa, kioo ni kidogo. Lakini mechi utaiona hadi penalti.

Na hii si sayansi mpya. Wamarekani wanaozunguka na trela za safari, zile nyumba za kuvutwa na gari, wana TV zilizotengenezwa kutumia volti 12 kwa sababu wakiwa msituni hakuna soketi ya ukutani. Na kabla tuwasifu hao, uliza mzazi yeyote aliyekulia ushago. Ile Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ilikuwa inashikwa moja kwa moja na betri ya gari. Betri ikiisha, inafungwa kwa baiskeli na kupelekwa sokoni kuchajiwa. Shosho zetu walikuwa wanajua hii kitu kabla sisi tuanze kuuziana maboksi.

Binamu yangu yuko ushago na aliuziwa inveta kubwa pamoja na betri ya gari iliyotumika. Duka lilimwambia itabeba nyumba nzima. Mechi ya kwanza, TV ilizima kabla ya hafutaimu. Betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ndio injini iwake, si kutolewa pole pole usiku mzima. Pesa hizo zilikuwa akiba ya kuku, na kuku hawarudi.

Kwa hivyo angalia nyuma ya TV yako leo, au kwenye adapta yake. Ikiwa imeandikwa 12V, uko karibu kumaliza kazi. Lakini usichomeke tu kiholela. Betri ikichajiwa na sola inaweza kupanda hadi volti 14 na kitu, na si kila TV inavumilia hiyo. Mwambie fundi akuwekee kidhibiti cha kushikilia 12. Weka fyuzi karibu na betri upande wa chanya, tumia waya nene na fupi, na betri ya asidi usiilaze kando ya kitanda kwenye bedsitter isiyo na dirisha wazi. Ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka.

Je, inveta ni mbaya? Zii. Kama wewe ni kinyozi, au TV yako ni ya 240 na huna mpango wa kuibadilisha, inunue. Lakini nunua ndogo inayotosha, ya wati 300 hivi, na pesa zilizobaki ziende kwa betri. Ukiweza, ya lithiamu, kwa sababu hiyo unaweza kutumia asilimia 80 bila kuiua.

Sasa neno kwa creator wenzangu. Sote tunajua promo inalipa rent. Lakini tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani, hata JKIA. Watu wana sababu ya kweli ya kutafuta betri, na wanatuamini kwa sababu tunaongea kama wao. Ukipewa boksi la kutangaza, liwashe na TV hadi lizime, kisha utuambie masaa. Ukikatazwa kufanya hivyo, jibu unalo.

Na wewe mnunuzi, uliza wati-saa ngapi. Muuzaji akikujibu "inabeba TV, friji na pasi", rudisha simu mfukoni. M-Pesa haina haraka.